Vipo au Upo? Viazi vya Rojo vya Makadara na Sarufi ya Bakuli

Katika vibanda vya chakula vya Makadara, mjini Mombasa, mteja wa alasiri akishatoa salamu huuliza swali la neno moja: "Vipo?" Mwuzaji naye hujibu kwa neno moja, "Vipo" au "Vishaisha", na biashara ikaendelea au ikakoma papo hapo. Chakula chenyewe hakitajwi. Kiambishi vi- kinatosha kukitambulisha, kwa kuwa kila aliyesimama pale anajua kinachoulizwa ni viazi vya rojo. Mzanzibari anayetafuta chakula cha ukoo huohuo katika mitaa ya Ng'ambo au kwenye bustani ya Forodhani huuliza "Upo?", kwa maana kwake yeye chakula hicho ni urojo. Makala haya yananuia kufafanua chakula hiki kinavyopikwa na kinavyoliwa Makadara, na kuonyesha kwamba tofauti ya vi- na u- si ya lahaja tu, bali ni tofauti ya kile ambacho kila mji unakiona kuwa kiini cha bakuli.

Kwanza ni vyema kuondoa utata wa jina la mahali. Wanafunzi wengi wanaotoka bara wakisikia Makadara hufikiria eneo la Nairobi lenye jina hilo. Makadara inayozungumziwa hapa iko katika kisiwa cha Mombasa, ubavuni mwa Mji wa Kale, kitembezi kidogo tu kutoka Barabara ya Digo na soko la Marikiti. Wenyeji hulihusisha jina lake na neno kadari, yaani majaliwa ya Mwenyezi Mungu. Ni mtaa wenye kumbukumbu ya Wabulushi, ambao wengi wao walikuja pwani wakiwa askari wa watawala wa Oman, na ambao idadi yao iliongezeka baada ya Sayyid Said kuitwaa Mombasa kutoka kwa Mazrui mwaka 1837. Msikiti wao ungali pale. Uwanja wa Makadara nao unafahamika kwa mikutano ya hadhara, na zaidi kwa sikukuu za Idi, ambapo bembea husimamishwa na watoto wenye nguo mpya huzitumia pesa zao za sikukuu kwa mabuyu, achari, mishikaki na, bila shaka, viazi.

Kibanda chenyewe hakina makuu. Ni meza, benchi moja au mawili, turubai la kuzuia jua, jiko la makaa ambalo wazee bado huliita seredani, na juu yake sufuria kubwa yenye kitu cha rangi ya manjano kinachotokota polepole. Pembeni kuna karai la mafuta, na vyombo vidogo vilivyofunikwa: chatini ya nazi, pilipili ya kusaga, ukwaju. Mara nyingi mwuzaji ni mwanamke wa makamo ambaye wateja wote humwita mama, awe anawajua au hawajui, naye huwajibu kwa mwanangu hata kama mteja ana mvi. Akiwa mwanamume mzee, huitwa ami. Istilahi hizi za ukoo hufanya kazi ambayo mahali pengine ingefanywa na orodha ya bei ukutani, kwani ni vigumu kubishania shilingi tano na mtu uliyekwisha kumwita mama.

Upishi wa viazi vya rojo huonekana rahisi kwa asiyeujua. Viazi humenywa, hukatwa vipande vya kiasi cha kutoshea kijikoni, kisha huchemshwa kwa maji yenye chumvi na bizari ya manjano. Wengine hutia kitunguu thaumu na tangawizi, wengine nyanya. Viazi vikishaiva, baadhi ya vipande hupondwapondwa kwa mwiko ndani ya sufuria ileile ili kuyapa maji uzito wa kwanza. Uzito wa pili hutokana na unga, ambao kwa kawaida ni wa ngano, ingawa wapo wanaopendelea wa dengu kwa ajili ya ladha yake. Unga huo hukorogwa kwanza kwa maji baridi katika bakuli la pembeni, ndipo ukamiminwa sufuriani kidogo kidogo huku mkono wa pili ukivuruga bila kupumzika. Sababu ya maji baridi ni kwamba unga mkavu ukikutana ghafla na maji ya moto, tabaka lake la nje huiva na kufunga kabla ya maji kupenya ndani. Hapo hutokea madonge ambayo hayavunjiki tena, na mteja wa Makadara akipata donge katika bakuli lake hatarudi kesho.

Uchachu ndio mtihani mkubwa zaidi. Asili yake ni embe bichi, ndimu au ukwaju, kwa kutegemea msimu na mkono wa mpishi. Lililo muhimu ni kwamba hautiwi mapema. Kiazi kinachochemshwa katika maji machachu hukaza na kukataa kulainika, hata kikikaa motoni muda mrefu. Kwa hiyo mpishi mjuzi husubiri viazi vilegee kabisa. Ndimu, hasa, huja mwishoni, kwa sababu uchachu ukichemka mno pamoja na unga huulegeza ule uzito uliotafutwa kwa jasho. Yote haya hayajaandikwa mahali popote kibandani. Hufundishwa kwa binti kusimama kando ya mama yake na kukemewa.

Kisha kuna suala la kupakua, ambalo lina utaratibu wake usiovunjwa. Viazi hutangulia, rojo humwagwa juu kwa upawa, bajia humegwa na kutupiwa ndani, chatini ya nazi huwekwa upande mmoja na pilipili upande wa pili. Vitu vikavu huja mwisho kabisa: kachri, yaani vipande vyembamba vya muhogo vilivyokaangwa, na pengine chevda yenye nyuzi nyembamba za unga wa dengu. Vikitangulia hivi, vitalowa na kupoteza mlio. Na mlio ni sehemu ya utamu wake, maana ulimi hupata ulaini wa kiazi na uzito wa rojo wakati meno yanapata kitu cha kuvunja.

Hizo nyuzi za dengu zinastahili maelezo mafupi, hasa kwa msomaji aliyewahi kusikia kuhusu supu za tambi za Asia ya Mashariki na kujiuliza kama pwani yetu ina cha kulinganisha. Waswahili wana tambi, na neno lenyewe linafanana na wingi wa utambi, uzi wa taa, ambao kwa umbo hazitofautiani sana nao. Lakini tambi za Waswahili hazikuingia katika supu. Zilikwenda upande wa sukari, iliki na nazi, zikawa chakula cha futari na cha mgeni wa asubuhi. Kilichochukua nafasi ya bakuli la moto la kibandani, lile linalonunuliwa kwa pesa kidogo na kuliwa mtu akiwa amekaa kwenye benchi bega kwa bega na asiyemjua, ni viazi vya rojo na urojo. Ukiona nyuzi zikielea juu yake, basi ni hizo za dengu, nazo hazijaja kulainika.

Turejee kwenye majina. Mwanafunzi wa bara aghalabu hulijua neno rojo katika umbo lake lililorudiwa, rojorojo, linaloeleza hali ya kitu kisicho maji wala kigumu, kama uji ulioiva au udongo wa kinamasi. Urudufishaji wa aina hii ni wa kawaida katika Kiswahili: maji huzaa majimaji, na moto huzaa motomoto. Kwa hiyo rojo ni jina la kiwango cha uzito. Halitaji viungo, halitaji rangi, halitaji asili. Mpishi anaposema "rojo bado" hamaanishi kwamba chakula hakijaiva, bali kwamba hakijafikia kiwango ambacho kikimwagwa juu ya kiazi kitakifunika badala ya kutiririka pembeni. Rojo likilala huwa zito kupita kiasi, na hapo hulegezwa kwa maji ya moto. Likiharakishwa huwa chepesi, na hapo mteja husema, kwa adabu au bila adabu, kwamba amepewa maji ya manjano.

Zanzibar imelichukua neno hilo na kulipa kiambishi u-. Kwa kufanya hivyo imekihamisha chakula katika ngeli yenye vyakula vingine visivyohesabika na vyenye uzito wa kukorogwa: uji, ugali, ubwabwa. Urojo umekaa hapo kama aliyezaliwa hapo. Una maana kwamba kilicho muhimu ni ule mchuzi mzito wa manjano wenye uchachu wa embe, na kwamba vingine vyote, mbatata, bajia, kachori, mishikaki, yai, ni wageni wanaoogelea ndani yake na wanaweza kubadilishwa. Urojo usio na mishikaki bado ni urojo. Hata usio na mbatata unaweza kuvumiliwa.

Mombasa haikufanya hivyo. Katika "viazi vya rojo" neno kuu ni viazi, na rojo limeambatishwa kwa kihusishi cha -a unganifu kama sifa. Upatanisho wote unafuata viazi: vipo, vimeiva, vitamu, vishaisha. Viazi vya rojo visivyo na viazi ni jambo lisilowezekana kisarufi, na pia kibandani. Umbo hilohilo la -a unganifu hutumiwa kwa namna nyingine pale pale. Mteja husema "viazi vya hamsini" akimaanisha kiasi, "viazi vya karai" au kwa kifupi viazi karai akimaanisha vile vilivyochovywa katika unga na kukaangwa, na "viazi vya mama fulani" akimaanisha mkono uliovipika. Hivyo rojo ni mojawapo tu ya namna za kiazi kuwa kiazi, na bakuli la Makadara linasimama katika safu moja na sinia la viazi karai lililo mezani kando yake. Mpaka huu haukuchorwa kwa rula, kwani wapo watu wa Mombasa wanaosema viazi vya urojo, na ndugu na ndoa huvuka bahari pamoja na maneno yao. Lakini hata hao, wakifika kibandani, huuliza "Vipo?"

Jambo la kushangaza ni kwamba kiazi hiki kilichopewa heshima ya kuwa neno kuu ndicho kigeni kuliko vyote sufuriani. Neno kiazi ni la kale, na lilihusu mizizi mingine. Kiazi mviringo chenyewe asili yake ni milima ya Amerika ya Kusini, na kililetwa Kenya na Wazungu kuelekea mwisho wa karne ya 19. Hakioti pwani kwa namna ya kuridhisha. Hushuka kutoka Nyandarua, Molo na Meru, ambako wakulima na wachuuzi wengi hukiita waru, kikafika soko la Kongowea katika bara la kaskazini, ndipo kikavuka daraja la Nyali kuingia kisiwani na kuvuliwa jina lake la safari. Pilipili na muhogo pia asili yake ni Amerika, nazo zilifika kwa njia ya biashara ya Wareno, walioijenga Ngome ya Yesu kuanzia mwaka 1593. Manjano na embe ni za Bara Hindi.

Maneno yanaeleza upande uliobaki. Bajia, kachori, chatini, karai na chevda yote ni ya Kihindi, mengi kwa kupitia Kigujarati. Wafanyabiashara wa Kihindi walikuwapo katika pwani hii kabla ya Vasco da Gama kufika mwaka 1498, na ujenzi wa reli kutoka Mombasa, ulioanza mwaka 1896, ulileta vibarua zaidi ya 30,000 kutoka Bara Hindi. Hata hivyo itakuwa kosa kudhani kwamba chakula hiki kililetwa kikiwa kimekamilika. Kachori ya Gujarati ni andazi la unga lililojazwa dengu na viungo, ilhali kachori ya pwani ni tonge la viazi lililochovywa na kukaangwa. Jina limesafiri na umbo limebaki nyuma. Chatini nayo, ikifika Makadara, imekuwa ya nazi ya pwani. Rojo, jina la kile kinachoviunganisha vyote, halina haja ya kuombewa pasipoti.

Ndiyo maana kuingia kwa jina jipya, miksi, kunahitaji kutazamwa kwa makini. Zanzibar na Dar es Salaam neno hili limezoeleka katika hoteli na mikahawa inayohudumia wageni, na Mombasa nako linaanza kusikika, hasa miongoni mwa vijana na kwa wanaopiga oda kwa simu. Miksi huingia ngeli ya i-zi kama maneno mengi ya kukopa: "Miksi ipo?" Kulipinga kwa sababu tu ni la Kiingereza si hoja, kwani kibanda kizima kimejaa mikopo na hakuna aliyepata madhara. Tofauti ni kwamba bajia na karai ni majina yaliyokuja pamoja na vitu vyake. Miksi haikuja na kitu chochote. Imekuta chakula chenye jina ikalibandua, na jina lililobanduliwa lilikuwa linafundisha. Anayesikia viazi vya rojo anajua kuna kiazi na anajua uzito unaotakiwa. Anayesikia miksi anajua tu kwamba vitu vimechanganywa, na mpishi mvivu anaweza kujificha nyuma ya neno hilo na maji yake ya manjano.

Elimu hii inakaa katika vinywa na mikono ya watu wachache, na jinsi inavyoweza kunyamazishwa ghafla ilionekana mwaka 2020. Mwezi Mei mwaka huo, kwa ajili ya korona, serikali ya Kenya ilifunga njia za kuingia na kutoka Mji wa Kale wa Mombasa na kuamuru mikahawa ya eneo hilo ifungwe. Hatua hiyo iliangukia katikati ya Ramadhani na kuendelea hadi mwanzoni mwa Juni, baada ya Idi. Msimu ambao majiko ya mitaani huwaka kuliko wakati wowote ulipita majivu yakiwa baridi. Vibanda vilirudi baadaye, lakini mwuzaji mzee anayekosa msimu mmoja si lazima arudi msimu unaofuata, na anapobaki nyumbani hubaki na upawa wake na msamiati wake.

Ustadi wa kuyahifadhi maneno ya kazi si mgeni katika mji huu. Ahmed Sheikh Nabhany, mwanazuoni wa asili ya Lamu aliyeishi Mombasa hadi kufariki kwake mwaka 2017, anakumbukwa na wengi kwa kubuni istilahi kama runinga na ngamizi. Kazi yake nyingine haitajwi sana madarasani, nayo huenda ina uzito zaidi: katika Sambo ya Kiwandeo (1979) aliyatia katika utenzi maneno ya ujenzi wa jahazi, na katika Umbuji wa Mnazi (1985) akafanya vivyo hivyo kwa mnazi na matumizi yake. Aliona kwamba seremala na mkwezi wana kamusi ambayo haijachapishwa. Mwuza viazi naye anayo.

Mwanafunzi wa isimu au fasihi anayetafuta mada ya utafiti anaweza kuanza Makadara kwa gharama ya bakuli moja. Aulize hatua za unga zinaitwaje kabla ya kufikia rojo, na zinaitwaje zikishapita. Aulize kama rojo huchukua la au ya, maana husikika yote mawili. Aulize kwa nini hakuna anayekiita chakula hiki kitoweo, ingawa kina mchuzi. Jibu la swali hili labda liko katika kitenzi towea: kitoweo kinahitaji kitu cha kutowelea, wali au ugali au mkate, na hapa kiazi kimekwisha kuwa ndani.

Zaidi ya yote, aulize kitenzi. Supu ya pweza inayouzwa mitaani hunywewa, hata ikiwa na minofu ya kutafunwa, na chai hunywewa hata ikiwa na mahamri matano. Viazi vya rojo huliwa, kwa kijiko, mpaka kipande cha mwisho. Kisha mteja hutazama kushoto na kulia, akaliinua bakuli kwa mikono miwili hadi mdomoni na kumalizia lile rojo lililobaki na pilipili iliyotulia chini. Wauzaji kadhaa wakiulizwa kitendo hiki cha mwisho kinaitwaje, kula au kunywa, hawatajibu sawa.